Shemeji Yangu Ndiye Senta Wangu

Shikamoo mama,

Nafundisha timu ya mpira wa kikapu hapa Tabata. Tuko nafasi ya tatu kwenye ligi, na zimebaki mechi nane kabla ya mtoano. Senta wangu anayeanza ana miaka 33, urefu wake mita mbili na sentimita tatu, na ni kaka mkubwa wa mke wangu. Yeye yupo kwenye timu hii mwaka wa saba, mimi wa tatu.

Kuna timu inamtaka. Wanasema tumwachie dirisha dogo hili, linafungwa mwisho wa mwezi, nao watatupa pointi gadi wao wa miaka 21, kijana ana mbio huyo, pamoja na seti mbili za jezi na mipira sita mipya. Mwenyekiti moyoni ameshakubali. Mhazini anaziota hizo jezi. Na pointi gadi kwa kweli tunamhitaji, maana wa kwetu anapandisha mpira kama daladala inayosubiri abiria. Shemeji anafanya kazi za zamu kwenye yadi ya makontena, mazoezini anafika tumeshapasha misuli. Mechi iliyopita nilimtoa robo ya tatu, akanijibu mbele ya vijana kwamba yeye alianza kucheza mimi sijui hata kudunda. Na kufunga kwenyewe ni pointi sita, saba. Mrefu wa pili tunaye, ila ni mwanafunzi, yuko chuo Dodoma, tunamtegemea akirudi likizo.

Shemeji hajaambiwa kitu. Mke wangu ameshasikia, sijui kwa nani. Leo siku ya nne, chai ananiwekea mezani na kwenda zake. Mama mkwe amepiga simu mara mbili kuuliza tu kama tuko salama.

Nimwachie au nibaki naye? Na nyumbani nitasemaje?

Kocha wa Tabata

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Sentensi niliyoipigia mstari si ya jezi wala ya mama mkwe. Ni ile ya robo ya tatu. Umeipenyeza kati ya zamu za makontena na pointi sita saba, kama mtu anayelipa kwa noti iliyochanika akiificha katikati ya noti nzima. Nitairudia. Kwanza tuzungumze mpira, kwa sababu hata kama shemeji yako angekuwa mtu baki, swali lingekuwa palepale.

Nimekaa meza ya waamuzi miaka mingi, kazi yangu kujaza karatasi ya mchezo. Unaijua ile karatasi. Majina, namba za jezi, pointi, faulo, mapumziko mliyoomba, basi. Haina mahali pa ribaundi. Haina mahali pa skrini, wala pa mtu aliyesimama chini ya kikapu na mikono juu mpaka mpinzani akaghairi kuingia. Filimbi ya mwisho ikilia, viongozi wanakuja kuchungulia begani kwangu, na wanachokiona ni pointi. Ndiyo maana kwenye klabu zetu mfungaji anajulikana mtaa mzima, na senta anajulikana na wenzake wanne.

Mimi mwenyewe nilishaumbuka kwa karatasi hiyo. Mwaka fulani nilikuwa katibu wa timu ya wanawake. Tulikuwa na dada mmoja mrefu, mkimya, akibahatika anafunga pointi nne. Tukagombana naye kwa ajili ya nauli, nauli tu, na mimi ndiye niliyeandika barua ya kumwachia. Niliiandika kwa mwandiko mzuri. Mechi ya kwanza bila yeye nilikaa benchi, sikukaa mezani, na hapo ndipo nilipoona kwa macho: wapinzani wanatupa, wanakosa, wanaokota, wanatupa, wanakosa, wanaokota. Kuna shambulio moja lilikuwa na mitupo minne. Wafungaji wetu wote walikuwepo uwanjani, wamependeza, ila mpira hawana. Ukiichukua karatasi ya siku ile utaona kwamba tulifungwa. Kwa nini tulifungwa, hutaona.

Kwa hiyo hizo pointi sita saba za shemeji yako zifute kichwani. Hazisemi lolote.

Sasa nikupeleke Boston, maana kule swali lako lilijibiwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyohiyo. Kendrick Perkins alikuwa senta wa Boston Celtics waliotwaa ubingwa wa NBA mwaka 2008. Katika ile tano walikuwemo Rajon Rondo, Ray Allen, Paul Pierce na Kevin Garnett, na Perkins ndiye aliyetajwa mwisho. Msimu aliowafungia zaidi, wa 2009-10, wastani wake ulikuwa pointi 10 kwa mchezo. Kazi yake ilikuwa kuweka skrini za kuumiza mbavu, kumkalisha mpinzani mgongoni mpira unaporudi kutoka kwenye ubao, na kununa. Alikuwa ananuna vizuri sana yule.

Juni 2010 wakafika fainali tena, dhidi ya Los Angeles Lakers, wakaongoza kwa michezo 3 kwa 2. Mchezo wa sita, robo ya kwanza, Perkins akaanguka, goti likaharibika. Mchezo wa saba hakucheza. Boston wakatangulia hadi kwa pointi 13 robo ya tatu, na bado wakaishia kufungwa 83 kwa 79. Kobe Bryant siku ile alipata mitupo 6 tu kati ya 24. Jiulize timu ambayo nyota wake anakosa mara 18 inatwaaje ubingwa. Inatwaa kwa kuokota. Lakers walichukua ribaundi 53, Boston 40, na Pau Gasol peke yake alichukua 18. Ukikosa kisha mpira ukaupata mwenyewe, kukosa hakuna gharama.

Ungedhani wangekuwa wameelewa. Tarehe 24 Februari 2011, siku ya mwisho ya dirisha lao, wakiwa wameshinda michezo 41 na kupoteza 14, walimpeleka Perkins Oklahoma City. Walichopata kikubwa ni Jeff Green, mshambuliaji wa miaka 24, na senta mwingine, Nenad Krstic, pamoja na haki ya kuchagua chipukizi siku za mbele.

Usiwaone wajinga. Mkataba wa Perkins ulikuwa unaisha, alikuwa amekataa nyongeza waliyompa, goti lake lilikuwa na historia, na msimu ukiisha angeweza kuondoka wao wasipate hata senti. Danny Ainge, aliyekuwa akiendesha mambo ya wachezaji pale Boston, alipiga hesabu ambayo mwenyekiti wako naye angeipiga. Isitoshe, walijiambia, warefu tunao. Tuna Shaquille O'Neal.

Shaquille mwezi uliofuata alikuwa anatimiza miaka 39, na alikuwa majeruhi. Mtoano mzima alicheza dakika 12, kwa michezo miwili. Katika michezo iliyobaki Boston walishinda 15 na kupoteza 12, kisha Miami wakawatoa raundi ya pili, 4 kwa 1. Sisemi Perkins angewazuia LeBron James na Dwyane Wade wa Miami. Huenda wangetolewa tu. Nasema walimtoa mtu aliyekuwepo kwa kumtegemea mtu asiyekuwepo. Sasa rudi kwenye barua yako usome tena mstari wa Dodoma.

Siku hiyohiyo, 24 Februari 2011, kulikuwa na biashara nyingine iliyotugusa huku kwetu. Memphis Grizzlies walimtoa Hasheem Thabeet. Wewe ulikuwa kijana mwaka 2009, lazima unakumbuka: mtoto wa Dar es Salaam, mwenye mita mbili na sentimita zaidi ya ishirini, anachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Mtaani kwetu watu ambao hawajawahi kuushika mpira wa kikapu walianza kujua kwamba kuna mji unaitwa Memphis. Halafu, hata misimu miwili haijaisha, anapelekwa Houston na mwenzake mmoja, na anayekuja ni Shane Battier, mtu wa miaka 32, mlinzi wa pembeni asiye na makeke. Mimi siku ile nilinuna kuliko Perkins.

Aprili 17 Memphis wakaenda San Antonio kwa mchezo wa kwanza wa mtoano. Zimebaki sekunde ishirini na kitu, Battier anapewa mpira, anatupa wa pointi tatu, unaingia. 101 kwa 98. Klabu ile ilikuwa haijawahi kushinda hata mchezo mmoja wa mtoano tangu ianzishwe. Walikuwa wa nane upande wa Magharibi, San Antonio wa kwanza, na wakawatoa 4 kwa 2.

Klabu mbili, siku moja, kila moja imetoa mtu mrefu ikapata mtu wa kukimbia pembeni, yaani kitu kilekile unachoshawishiwa wewe. Moja ikapungua, nyingine ikapaa. Wala sababu haikuwa ukubwa wa aliyeondoka, maana aliyeondoka Memphis alikuwa mrefu kuliko wote. Angalia waliobaki chini ya kikapu. Memphis walibaki na Marc Gasol na Zach Randolph, wote wawili wanaanza, wazima, wanene wa mabega. Thabeet alikuwa nyuma yao kwenye foleni. Boston walibaki na matumaini.

Kuhusu huyo Marc Gasol, kisa chake msimulie mkeo, maana ni cha kifamilia. Februari 2008 Memphis walikuwa na Pau Gasol, senta wao, nyota wao, na walikuwa mkiani. Msimu ule waliumaliza kwa ushindi 22 na vipigo 60. Wakampeleka Lakers. Miongoni mwa walivyopewa zilikuwemo haki za kijana mmoja aliyekuwa bado anacheza kwao Hispania, aliyechaguliwa wa 48 mwaka uliotangulia, mdogo wake Pau wa damu. Kaka huku, mdogo kule. Watu waliicheka Memphis mpaka wakachoka. Pau akachukua ubingwa 2009 na 2010, na zile ribaundi 18 zilizowaua Boston ni zake. Mdogo mtu naye akaja, akatulia, mwaka 2013 akatajwa mlinzi bora wa ligi nzima, na mwaka 2024 Memphis wakaitundika jezi yake namba 33 ili asiivae mtu mwingine tena.

Usikimbilie kusema basi na wewe utamwachia shemeji na mbele ya safari kutatokea Marc wako. Timu ya mkiani inaweza kungoja miaka mitano mche ukue. Nyie mko wa tatu na mna mechi nane.

Mwenyekiti wako, kama ni mjanja, atakuuliza: kwani katikati ya msimu mtu habadilishwi? Anabadilishwa. Marc huyohuyo, Februari 2019, akiwa na miaka 34, mwaka mmoja zaidi ya shemeji yako, Memphis walimpeleka Toronto, nao Toronto wakamtoa senta wao, Jonas Valanciunas, na wenzake wawili. Miezi minne baadaye Toronto wakawafunga Golden State 4 kwa 2 na kuwa mabingwa. Lakini pale palitoka senta pakaingia senta, tena mwenye kichwa cha kikapu. Nyie anatoka senta anaingia pointi gadi na jezi.

Jezi! Hebu tuseme ukweli. Kama hao wanaomtaka wangekuja na kijana peke yake, bila mipira wala jezi, kamati yenu ingekaa hata dakika kumi? Shida ya vifaa ni kweli, siibezi, nimewahi kuona timu inaingia uwanjani na namba zimebandikwa kwa plasta ya hospitali. Ila ni shida ya mhazini. Itafutiwe mfadhili, ichangiwe, liombwe duka la jirani. Isilipwe kwa mtu anayezuia kikapu.

Na kuna jambo ambalo nyote, wewe na kamati na hao wa upande wa pili, mmelipita. Perkins alikuwa na mkataba. Thabeet alikuwa na mkataba. Klabu zile zilikuwa zinanunua na kuuza kitu kilichoandikwa, chenye mshahara wake, na mchezaji aliposaini alijua siku yoyote anaweza kuambiwa afunge mabegi. Shemeji yako mnamlipa nini? Nauli, zikiwepo. Anatoka zamu ya makontena, miguu imevimba, anakuja kuwachezea bure. Mtu usiyemlipa huwezi kumbadilisha na mwingine. Unachoweza ni kumpa barua ya kumruhusu, na yeye akiamua aende au akae nyumbani kwake Jumamosi ale ubwabwa. Huyo kijana wa miaka 21 vilevile. Kuna mtu amemuuliza? Mnaweza mkasaini makaratasi yote, halafu mkajikuta mmempoteza senta, na pointi gadi hajaja, mmebaki na mipira sita.

Ndiyo maana nashangaa kwamba mtu wa kwanza aliyepaswa kuulizwa ndiye pekee ambaye hajaambiwa. Huenda hao wanaomtaka wanafanya mazoezi karibu na yadi yake. Huenda kule saa za mazoezi zinaendana na zamu. Huenda amechoka na anatafuta mlango wa heshima wa kutokea, ila anakuonea haya wewe kama unavyomuonea haya yeye. Huenda pia akasema hang'oki hapo mpaka magoti yakatae. Yote mawili yatakupunguzia kazi.

Sasa ile robo ya tatu.

Alikukosea. Kocha hajibiwi hivyo, hata na mtu aliyemzidi umri, hata na kaka wa mke. Lakini tazama ulivyoandika: hao wanaomtaka wamekuja na ofa, yeye amekujibu vibaya, na sasa kuchelewa kwake kumekuwa kosa, pointi zake zimekuwa chache, umri wake umekuwa mkubwa. Hivyo vyote vilikuwepo mwezi jana. Miaka saba na mitatu, umeandika hivyo mwenyewe mwanzoni kabisa, kabla hata hujataja ofa. Nadhani si jambo la leo tu linalokusumbua. Ulipoikuta timu ile uliikuta yeye ameshakuwa mzee wa pale, na nyumbani ulikooa ulimkuta yeye ameshakuwa mkubwa wa pale. Uwanjani ndipo mahali pekee ambapo wewe unasema naye anatii, na siku ile hakutii.

Hilo lina dawa yake, na haiitwi dirisha dogo. Mwite pembeni, siyo nyumbani kwa mkeo, siyo kwa mama mkwe, siyo mbele ya vijana. Mkae kwenye ngazi za uwanja baada ya mazoezi, wengine wote wameondoka. Anza na shikamoo yake kama kawaida, ni haki yake. Kisha mwambie: nikikutoa, nimekutoa, ukiwa na neno, nitalisikia hapa, si pale. Ukishamaliza hilo, mwambie kuhusu ofa, yote, na jezi zake, na mipira yake. Muulize anataka nini. Halafu nyamaza. Makocha vijana hamjui kunyamaza.

Kama akisema anataka kubaki, mimi nakwambia baki naye, mpaka msimu uishe. Nimeshaamua upande na sitauzunguka. Ukitaka kunibishia, usinibishie kwa maneno, niletee hesabu. Tafuta mtoto mmoja anayependa mpira, wale wanaokaa nyuma ya kikapu kuokota mipira, mpe daftari. Apige mstari katikati. Upande mmoja dakika shemeji yuko ndani, upande wa pili dakika yuko benchi. Kila wapinzani wakikosa na kuokota wenyewe, aweke alama upande unaohusika. Kila wakifunga karibu na kikapu, alama nyingine. Na pointi za timu zote mbili kwa dakika hizo. Mechi mbili za ligi na moja ya kirafiki kabla dirisha halijafungwa zinatosha kukuonyesha sura, mradi ugawe dakika zilingane. Siyo umpumzishe shemeji dakika tatu tu halafu useme umepima.

Zikitoka alama nyingi upande wa benchi, umepata jibu la kumpelekea mwenyekiti, na daftari ni gumu kulibishia kuliko kocha aliyeoa dada wa mchezaji. Maana hilo nalo lipo: ukisema abaki, kuna watu watasema ni kwa sababu ya mkeo. Pande zikilingana, nitakuwa nimekosea kuhusu mtu wako, na sitaona haya. Basi hapo rudini kwa hao wanaomtaka mkaombe mrefu wao wa benchi aongezwe kwenye hiyo biashara, mwacheni mhazini alie kuhusu jezi.

Na huyo pointi gadi wako wa daladala, mbona unamlazimisha akimbie? Mtazame Marc Gasol wa Memphis kwenye picha za zamani, siku ukipata bando. Alikuwa hana mbio wala hana kuruka. Alipewa mpira akiwa amesimama karibu na mstari wa mitupo huru, uso kwa kikapu, na wenzake wakakata kulia na kushoto, naye akachagua wa kumpasia. Timu nzima ikawa inapitia kwake. Mtu wa mita mbili na ushee mwenye uzoefu wa miaka mingi anaona juu ya vichwa vya wote. Jaribu wiki moja. Pointi gadi wako apandishe mpira taratibu zake, ampe shemeji pale juu, kisha akate aende. Huenda ukagundua kwamba miaka mitatu umekuwa ukimchukulia kama mvunja mawe mtu ambaye angeweza kushika usukani.

Miaka 33 hata hivyo ni miaka 33. Hilo siwezi kulifuta na wewe usilifute. Msimu ukiisha, kaeni, mzungumze atacheza mpaka lini, na yule mwanafunzi wa Dodoma akirudi, afunzwe na nani kama siyo yeye. Mazungumzo hayo yanawezekana kati ya watu wanaosemezana.

Tumebaki na chai.

Mkeo hakukasirika kwamba unafikiria kumwachia kaka yake. Amekulia na kaka mchezaji, anajua timu zinaacha watu. Amekasirika kwamba amesikia nje. Siku nne amebeba siri ambayo si yake; akimwambia kaka yake atakuwa amekuuza, asipomwambia atakuwa amemficha ndugu wa tumbo moja. Umemweka pabaya kuliko wewe ulipo. Kwa hiyo leo, kabla ya mazungumzo ya kwenye ngazi, mwambie kila kitu kama ulivyoniandikia mimi, na hiyo robo ya tatu usiipunguze chumvi. Usimuulize angependa uamue vipi. Akikuambia mwenyewe, sikiliza, ila usimtwishe. Mwambie tu siku utakayozungumza na kaka yake, ili ajue lini mzigo utamshuka. Mama mkwe mpigie wewe, usingoje simu ya tatu, mwambie mko salama na Jumapili mtakwenda kumsalimia.

Na ukimpata huyo mtoto wa daftari, mpe kalamu mbili. Moja huwa inaishiwa wino robo ya tatu.